Msiniambie "Ndani Nani Ataona?"

Mwaka jana nilipeleka ndege yangu kwenye mashindano madogo ya waunda modeli, hapa Uingereza ninakosomea shahada ya uzamili ya historia. Ilikuwa Mustang P-51D ya kipimo cha 1:48, ndege ya karibu mita 10 iliyopunguzwa hadi ikaenea kwenye sahani ya wali. Nilikuwa nimeiunda kwa mfano wa zile za kundi la 332, la marubani Weusi wa Marekani waliofunzwa Tuskegee na kupigana kutoka Italia. Mkia wake ulikuwa mwekundu, kama wao walivyoupaka.

Jaji aliusifu mkia. Kisha akainama, akamulika tochi chini ya bawa, kwenye mashimo yanayomeza magurudumu, akaandika kitu. Nikapoteza alama. Kosa langu: mashimo hayakuwa ya kijani kitupu.

Nilimwuliza kwa heshima kijani hicho kimetoka wapi. Akanionyesha picha kwenye simu: Mustang inayong'aa, mashimo yote kijani. Ilikuwa ndege iliyokarabatiwa na kupakwa upya miongo mingi baada ya vita. Rafiki yangu wa Mombasa aliyenisindikiza akanivuta pembeni: "Achana nayo, dada. Ndani huko nani ataona?"

Nataka kugombana na wote wawili.

Nianze na rafiki yangu. Mama yangu ni fundi cherehani. Akiletewa gauni lililoshonwa na mwingine, kitu cha kwanza ni kuligeuza ndani nje. Upande wa nje, asema, umeshonwa kwa ajili ya wapita njia. Ndani ndiko fundi alikokuwa peke yake. Ndege nayo ni hivyo hivyo. Rangi ya nje ilipakwa kwa kuyafikiria macho ya watu: ionekane na rafiki, isionekane na adui. Rangi ya ndani ilikuwa na kazi nyingine. Ilizuia chuma kuliwa na chumvi na unyevu, na ilimzunguka mtu aliyekaa mle. Tarehe 24 Machi 1945 marubani wa kundi la 332 waliondoka Italia kusindikiza ndege za mabomu hadi Berlin, safari ya kwenda na kurudi ya zaidi ya kilomita 2,500. Saa zote hizo hawakuwa wakiitazama mikia yao. Walikuwa ndani ya kijani kile, mbele yao dashibodi nyeusi, chini ya miguu sakafu ya plaiwudi iliyopakwa rangi nyeusi. Ukisema ndani hakuna wa kuona, umekwisha kumsahau rubani.

Sasa nije kwa jaji. Yeye na wenzake wanaamini kuna kijani kimoja sahihi, na kwamba kinauzwa kwenye kichupa chenye namba. Namba inayopendwa zaidi ni 34151, kutoka kitabu cha viwango vya rangi cha serikali ya Marekani, Federal Standard 595. Kitabu hicho kilitoka 1956. Vita vilikwisha 1945. Yaani tunaipimia ndege kwa rula iliyotengenezwa miaka 11 baada ya vita vyake kwisha.

Kiwandani mambo yalikuwa na mikono ya watu. Praima iliyotumika ilikuwa ya zinki kromati, ambayo kwa asili ni ya njano. Kijani kilipatikana kwa kuitia rangi nyeusi, na mara nyingine unga wa alumini. Sababu mojawapo ilikuwa rahisi mno: ukipaka mkono wa kwanza wa njano na wa pili wa kijani, unajua wapi umekwisha kupita. Vipuri vingine vilitoka kwa watengenezaji wengine vikiwa vimepakwa tayari, kwa mchanganyiko wao. Kwa hiyo kijani kilitofautiana kidogo kidogo hata ndani ya ndege moja. Na katika mashimo ya magurudumu ya Mustang, picha za kiwandani zinaonyesha ukuta wa nyuma wenye praima, huku sehemu kubwa ya dari ikiwa alumini tupu. Ndivyo nilivyopaka.

Tofauti hizo zilitoka kwa mtu aliyeshika bomba la kupulizia na kuvuta pumzi karibu na kromati, kemikali ambayo leo tunajua husababisha saratani ya mapafu. Ukifunika yote kwa kijani cha namba moja, unamfuta mtu huyo ili modeli yako ifanane na ya jirani.

Sijitoi lawamani. Mustang yangu ya kwanza niliipaka kwa kufuata karatasi ya maelekezo iliyokuja na sanduku, sakafu ikawa kijani, na niliweka picha yake kwenye wasilisho la darasani kama ushahidi. Hakuna aliyegundua. Hilo ndilo lililoniudhi nilipojua ukweli: kosa langu lilipita kwa sababu lilikuwa ndani.

Tangu hapo nina utaratibu. Naanza na kiwanda na mwaka wa ndege, siyo jina lake tu. Natafuta picha za wakati ule, nikikumbuka kwamba filamu za rangi hupauka. Natafuta vipande ambavyo havijaguswa, hasa rangi iliyojificha chini ya vibao na vishikizo ambako jua halikufika. Ndege iliyokarabatiwa naisoma kama kitabu cha mtu mwingine kuhusu ndege ile. Kichupa huja mwisho, na mara nyingi nachanganya mwenyewe.

Mtaniambia hii ni midoli. Sawa. Lakini mtu anayekubali picha ya simu dhidi ya picha ya kiwandani kwenye mdoli ana sababu gani ya kukataa kufanya hivyo kwenye tasnifu?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na jaji, nampa haki yake, aliinama. Mwaka huu narudi na ndege ile ile, mashimo yale yale. Kando yake nitaweka kadi yenye safu mbili: rangi nilizo na ushahidi nazo, na rangi nilizokisia. Naomba kila meza iwe na kadi kama hiyo, ikiwemo ya majaji.