Mcheza Kwao, na Kwao Ni Wapi

Imekuwa desturi kwa baadhi ya watu wenye elimu, hasa wale wakaao mijini, kuwacheka wapenzi wa mbio za magari kila wanapowasikia wakibishana. Na kicheko huzidi mbishi anapokuwa mtu wa shamba. Kijana wa Munanila, husema, huko juu katika milima ya Buha mpakani na Burundi, ana nini na Mfaransa Sébastien Ogier, au na Mfini Kalle Rovanperä? Watu hao hajapata kuwaona ila katika televisheni ya kibandani, na njia za mashindano hazijapata kufika Kasulu wala Kibondo. Kama hana budi kumpenda dereva, basi ampende wa nchi yake, au angalau wa rangi yake. Vinginevyo anacheza katika ngoma asiyoalikwa. Kisha, ili kuitia hoja nguvu, huitaja methali ya wazee kwamba mcheza kwao hutunzwa, wakaondoka wakidhani kwamba neno limekwisha.

Neno halijakwisha. Methali haikusema kwamba kwao ni pale alipozaliwa babu yake, wala haikusema kwamba watunzao waanze kwanza kumtazama mchezaji ngozi. Hayo yametiwa na wasemaji wenyewe, na inafaa yaangaliwe kwa makini, maana kipimo kitumikacho katika mchezo huenda kikatumika kesho katika mambo yasiyo mchezo.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, nayo yakapita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Hapo mwanzo magari yaligawanywa kwa bei yake ya dukani, wala si kwa ukubwa wa injini. Jambo hili ni dogo, lakini lina mafunzo. Walioyaanzisha walitambua kwamba mtu atazamaye hataki tu kujua nani amekwenda mbio. Anataka kujua gari la fedha kadha wa kadha litavumiliaje barabara ile ile ambayo yeye huipita akienda sokoni. Upenzi wa mchezo huu katika Afrika Mashariki ulizaliwa na barabara. Katika nchi nyingine gari hushindana na gari. Huku gari lilishindana kwanza na tope, na vumbi, na mto uliofurika, na mara nyingi gari lilishindwa. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalimaliza 7 vile vile. Mara zote mbili ushindi uliwaendea Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakazi wa Kenya, katika Peugeot 404.

Basi mtu wa Munanila si mgeni katika habari hii kama anavyodhaniwa. Ardhi ya huko ni nyekundu, milima imesimama wima, na mvua za masika zikishika, njia hugeuka kuwa sabuni. Aliyepata kulisukuma gari la abiria likiwa limejaa maharage na ndizi na akina mama wenye watoto mgongoni, hahitaji kufundishwa na mtu wa Dar es Salaam maana ya kulipitisha gari pasipopitika. Anapomwona dereva katika picha akiingia dimbwini asilojua kina chake, akatoka upande wa pili, anajua alichokiona. Pengine anajua zaidi kuliko yule anayemcheka, ambaye tangu azaliwe ameketi juu ya lami.

Sasa na itazamwe hoja ya damu kwa mfano wenyewe. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, akawa fundi wa magari, na mwaka 1965, pamoja na ndugu yake Jaswant, akashinda Safari katika Volvo iliyokwisha tumika na watu wengine. Akashinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, safari hizo akiwa katika Mitsubishi Lancer. Magazeti ya Kiingereza yalimwita kwa dini yake na mwendo wake, Singasinga arukaye. Watu wa kando ya barabara walimwita Simba. Msomaji aijuaye maana ya neno Singh ataona mara moja kwamba watu wale, wajue wasijue, walilitafsiri jina la mtu huyo na kumrudishia kwa Kiswahili. Mtu hapewi jina na watu wasiomtambua. Wala hakuwa wa rangi yao, wala wa dini yao, na wengi wao walimwona kwa kitambo cha kupepesa jicho, kilemba na vumbi, akapotea.

Miaka hiyo haikuwa ya upole kwa watu wa asili ya Kihindi. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 waliwekewa miaka miwili ya kuomba uraia. Kufikia mwaka 1968 maelfu walikuwa wakipanda ndege kwenda Uingereza kwa hofu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa wale wa Uganda siku 90 waondoke. Miongoni mwa jamaa zilizotoka ni ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala. Pasaka iliyofuata, ya mwaka 1973, kijana huyu aliyekwisha fukuzwa kwao alilingana pointi na Mswidi Harry Källström, na ushindi akapewa yeye kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi ya kwanza. Kisha akashinda tena mfululizo kuanzia mwaka 1979 hadi mwaka 1982. Mara tano kwa jumla. Hakuna aliyemzidi katika Safari mpaka leo.

Mpinzani atauliza: je, kelele za kando ya barabara zilimfaa nini Mhindi? Hawa waliomshangilia Simba siku ya Pasaka, je, hawakumtukana mwenye duka siku ya Jumanne? Bila shaka wako waliofanya hivyo, wala haifai kuwapaka watu mafuta. Umati si mtakatifu. Lakini swali hilo lina jibu ndani yake. Ikiwa mtu yule yule aliweza kumpenda dereva na kumchukia mwenye duka, basi hakuna haja ya kuuliza ni wapi alipokuwa ametumia akili yake na ni wapi alipokuwa amekaririshwa. Kwa dereva alimhukumu mtu kwa aliyoyaona akiyatenda. Kwa mwenye duka alimhukumu kwa ukoo. Wenye kusema kwamba shabiki apende kwa ukoo wanamtaka aache hukumu yake bora na kuichukua ile mbaya, na ushauri huo wanauita uzalendo.

Wala si Afrika Mashariki pekee. Italia inasifika kwa jinsi inavyoipenda Ferrari, na mtu angedhani kwamba huko damu ndiyo itawalayo. Mwaka 1983, huko Imola, Mwitalia Riccardo Patrese, akiendesha gari la Brabham, alimpita Mfaransa Patrick Tambay zikiwa zimebaki duru chache. Mara akakosea kona na kugonga. Waitalia waliojaa viwanjani wakashangilia kwa furaha kuanguka kwa Mwitalia mwenzao, kwa sababu Mfaransa yule alikuwa katika Ferrari, tena gari lenye nambari 27, nambari aliyokuwa nayo Gilles Villeneuve wa Kanada, aliyekufa mwaka uliotangulia katika gari la Ferrari bila kupata ubingwa wa dunia hata mara moja. Kushangilia ajali si jambo la kusifiwa. Lakini nani atasimama mbele ya watu wale na kuwaambia hawaipendi nchi yao?

Iko hoja nyingine, ya watu wajionao werevu zaidi, nayo ni kwamba upenzi huu wote umenunuliwa. Kampuni, husema, hutia fedha katika mashindano ili kuuza magari, na shabiki ni samaki aliyemeza chambo. Kwamba kampuni zinataka kuuza, hilo halina siri. Peugeot ilishinda mwaka 1963, na tena mwaka 1966, 1967 na 1968, na kwa miaka mingi baadaye Peugeot lilikuwa gari la waalimu wakuu, la waganga na la abiria waendao mbali. Datsun nayo ilifuata njia hiyo hiyo. Toyota imeshinda Safari kila mwaka tangu mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 hadi mwaka 2025, na mwaka 2022 ilizichukua nafasi zote nne za kwanza. Lakini waulizwe mafundi wa Kasulu kama waliijua Toyota kwa matangazo. Fundi anajua ni gari gani huletwa kwake springi zimekatika, na ni lipi humpita likapiga honi na kuendelea. Anaposhabikia Toyota anashabikia kazi ya mikono yake mwenyewe, vipuri anavyovijua kwa kugusa gizani, na ndugu yake aliye usukani kati ya Manyovu na Kigoma. Tangazo laweza kumfanya mtu alijue jina. Halimfanyi ajifunze kulitengeneza. Tena, kama fedha za matangazo zingetosha kununua mioyo, kampuni tajiri zingependwa zote sawasawa, na kila mwenye macho anajua kwamba sivyo.

Wanaomfuata mshindi ili kesho wamfuate mwingine hawana haja ya kujibiwa. Hao si mashabiki, ni mashahidi tu.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Mkenya Patrick Njiru alipomaliza wa nne mwaka 1994 katika Subaru, furaha ya Waafrika wenzake ilikuwa ya kweli, na aliyeona uchungu wa kutazama mchezo wa matajiri na wageni mwaka baada ya mwaka hawezi kuilaumu. Kumpenda aliyefanana nawe si kosa. Kosa ni kuligeuza jambo hilo kuwa sheria. Mwaka ule ule mshindi alikuwa Ian Duncan, Mkenya mweupe, naye akapigiwa vigelegele barabara zile zile. Na leo katika mashindano ya Kenya yumo kijana aitwaye McRae Kimathi: jina la kwanza limetoka kwa Mskoti Colin McRae, mshindi wa Safari mwaka 1997, 1999 na 2002, na jina la pili kila Mkenya analijua kwa sababu nyingine. Majina hayo mawili yamekaa katika mtu mmoja na hayajagombana.

Lakini neno lililo zito zaidi linawahusu watu wa Munanila wenyewe. Mpaka ulio karibu nao haukuchorwa nao. Baada ya vita vya kwanza vya dunia Mwingereza na Mbelgiji waligawana nchi iliyokuwa ya Mjerumani, na mstari ukapita kati ya watu ambao Kiha chao na Kirundi cha jirani husikilizana bila mkalimani. Tangu hapo mtu wa huko akisafiri huulizwa maswali asiyoulizwa mtu wa Tanga au wa Iringa. Babu yako alizikwa wapi? Mbona unatamka hivi? Baba zao walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge wakaijenga Tanganyika kwa migongo yao, na wajukuu bado huambiwa walete ushahidi. Katika Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyowaondoa wahamiaji wasio na vibali katika Kagera, Geita na Kigoma, hofu haikuwapata wahamiaji peke yao.

Mtu wa namna hiyo ndiye anayeambiwa ampende dereva kwa kuangalia alikozaliwa! Kipimo anachopewa achezee kando ya barabara ndicho kile kile anachopimiwa yeye kizuizini. Akikikubali katika mchezo atakikataaje katika uraia? Kumwona Mehta kuwa mtu wa Afrika Mashariki kwa sababu alizijua barabara zake kuliko wenyeji, ingawa serikali moja ilikwisha mwambia si wake, kwa kijana wa Munanila si upuuzi wa kibandani. Ni shauri lake mwenyewe analolitetea, huku akimtajia Ogier na Rovanperä.

Tena Tanzania ina hasara yake katika jambo hili. Mwaka 1966 na mwaka 1967 Safari ilishindwa na Bert Shankland pamoja na Chris Rothwell, katika Peugeot 404. Shankland alikuwa Mskoti aliyeishi Tanzania na kujifunza tope lake, na mara zote mbili ushindi ulitoka katika nchi hii, si Kenya, si Uganda. Taifa jingine lingelitaja jina hilo mbele ya watoto. Hapa, kwa kuwa kipimo cha ukoo kilimkuta mweupe, ushindi wa mara mbili umeachwa bila mwenyewe: Waskoti hawakuuona, Wakenya wana wao wa kuwahesabu, na Watanzania wakiulizwa nchi yao imeshinda Safari mara ngapi, hujibu kwamba haijashinda kamwe.