Hesabu za Mlimani Zirudi Mlimani

Katika shule zetu za sekondari umo mchepuo wa Uchumi, Jiografia na Hisabati, na mwingine wa Fizikia, Jiografia na Hisabati. Vijana wanaoichukua hutarajiwa kuishia benki au katika ofisi za mipango. Hatuna ugomvi na benki. Twauliza tu: ni nani atakayeipeleka elimu hiyo kwa mkulima, ambaye kodi yake imeigharimia?

Yatosha kuitazama milima ya Usambara, iliyo ng'ambo ya mkondo wa Pemba, nyuma ya Tanga. Wilayani Lushoto watu ni wengi, mashamba ni madogo na miteremko ni mikali. Mvua inyeshapo juu ya ardhi iliyo wazi, udongo huporomoka pamoja na maji. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuiokoa ardhi ya bonde la Mlalo. Wataalamu walipima mteremko, kisha wakulima wakaamriwa kuchimba matuta ya kuukingama. Lakini hapana aliyepima nguvu za mama aliyetakiwa kuyachimba juu ya kazi zake nyingine zote. Wasambaa waliyapinga matuta hayo kwa miaka mingi, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha mpango ukaachwa. Walioyapinga hawakuwa wajinga. Walikuwa wamepiga hesabu zao, wakaona kwamba jasho lingezidi mavuno.

Miaka ya 1980 ulianza Lushoto mradi wa kuhifadhi udongo na kilimo mseto, ulioitwa kwa kifupi SECAP, kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani. Safari hii mistari ya kontua ilipandwa majani ya guatemala na miti. Majani hayo yalizuia udongo, na papo hapo yakawa malisho ya ng'ombe zizini. Si kila mkulima aliyeyapokea, lakini aliyeyapokea aliiona faida kwa macho yake.

Chombo cha kuitafutia kontua ni chepesi mno. Ni miti mitatu iliyofungwa kwa mfano wa herufi A, na jiwe lililoning'inizwa kwa uzi kutoka kileleni. Uzi ukipita katikati ya mti wa kukingama, miguu yote miwili imesimama usawa mmoja. Hiyo ni kanuni ya pembetatu pacha inayofundishwa darasani, na mkulima asiyejua kusoma aweza kuitumia shambani siku ile ile anayoonyeshwa.

Wasomi wa namna hiyo hawakukosekana nchini. Mwaka 1967 chuo cha Dar es Salaam kilianzisha ofisi ya utafiti wa rasilimali na mipango ya matumizi ya ardhi, na wanajiografia wake wakatumikia mipango ya taifa. Profesa Verdiana Masanja, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata shahada ya uzamivu ya hisabati, hakutosheka na kufundisha. Alijitahidi pia kuwavuta wasichana wa Afrika kwenye somo hilo.

Hata hivyo, mhadhiri wa leo hupandishwa cheo zaidi kwa makala anazochapisha, nazo aghalabu huwa kwa Kiingereza. Mkulima aliyemshikia ncha ya utepe haoni matokeo kamwe. Wako watakaosema kwamba msomi si bwana shamba. Ni kweli. Lakini vyuo vikuu vyetu vyenyewe vimejitwika kazi tatu: kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii. Haiwezekani kazi ya tatu iwe pambo la hotuba za mahafali.

Sisi wa Visiwani tusidhani kwamba haya ni ya watu wa milimani peke yao. Maji ya chumvi yamekwisha ingia katika baadhi ya mabonde yetu ya mpunga, Pemba na Unguja. Tuta la kuyazuia lahitaji mtu wa kupima kimo cha maji makuu, na lahitaji pia mtu wa kuwauliza wanawake wanaolima bonde hilo. Afadhali watu hao wawili wawe mmoja.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa serikali na wa vyuo mambo mawili. Kwanza, kila utafiti unaofanywa kijijini au katika shehia usomwe kwa Kiswahili mbele ya wananchi waliohojiwa, kabla mtafiti hajapewa shahada yake. Pili, huduma kwa jamii ipewe alama halisi katika kupandisha vyeo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imevipa vijiji vya Bara mamlaka juu ya ardhi yao. Mamlaka bila vipimo ni mzigo, na vijiji havina fedha za kununua vipimo hivyo. Wanaovijua wamekwisha somea kwa fedha za umma. Yafaa deni hilo lilipwe.