Tani Isiyo ya Uzito

Yapo maneno yanayogharimu fedha yasipoeleweka. Mojawapo ni "tani" ya kiyoyozi. Mtu anayekuza mboga chumbani chini ya taa huambiwa anunue kiyoyozi cha tani mbili, naye hudhani huo ni uzito wa mashine. La hasha! Ni joto linalotosha kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu kwa saa 24, takriban kilowati 3.5, urithi wa enzi za kupoza vyumba kwa barafu. Sisi wanaisimu hufurahia historia kama hiyo.

Muuzaji naye huuliza upana wa sakafu. Swali hilo lafaa sebuleni. Katika chumba kilichofungwa, taa 10 za wati 600 huleta kilowati 6 za joto, yaani tani 1.7, kabla ya kuhesabu feni na kuta zinazopigwa jua. Kuzidisha mno nako ni hasara: mashine hupoza upesi, ikazima, unyevu utokao majanini ukabaki na kuvu kustawi.

Ningependa mwalimu wa Kiswahili na wa fizikia walifundishe neno hili pamoja, darasa lihesabu wati za taa kwanza, ndipo litaje tani.