Kalamu, Wino na Utoto wa Isiolo

Mchoraji atakaye kuueleza utoto kwa kalamu na wino, bila ya rangi ya kumsaidia wala maneno ya kumtetea, hana budi kutafuta ishara ambayo mtoto ataitambua kabla ya mtu mzima kumfafanulia. Na ishara ya namna hiyo, kwa rai yangu, haiazimwi ugenini.

Mwaka 1865 Mwingereza John Tenniel aliitia picha hadithi ya Alice, na miongoni mwa picha hizo ipo moja inayostahili kutazamwa kwa makini: kiwavi amejikalia juu ya uyoga akivuta buruma, ilhali msichana, aliyejiinua kwa ncha za vidole, anamchungulia kutoka ukingoni. Mkubwa amestarehe juu, mdogo yuko chini akitaraji jawabu; utoto umekwisha kuelezwa, wala haikulazimu kumchora msichana akicheka au akilia.

Hadithi hiyo ilipofasiriwa kwa Kiswahili mwaka 1940, ikaitwa Elisi katika Nchi ya Ajabu, msichana alichorwa Mwafrika. Lilikuwa tendo la insafu, nami nalisifu. Lakini kubadili sura ya mtoto ni jambo moja, na kuuchora utoto wake ni jambo jingine, maadamu kisa chenyewe kilizaliwa Oxford, kwa watoto waliozoea bustani, karata na meza ya chai.

Hata Joy Adamson, aliyeishi papa hapa Isiolo na mumewe George, aliyekuwa bwana nyama, alipopewa na serikali ya kikoloni kazi ya kuwachora watu wa Kenya kwa rangi, shabaha yake ilikuwa kuhifadhi mavazi na mapambo ya jadi, si michezo ya watoto.

Na michezo hiyo ndiyo hazina yenyewe. Mtazame mtoto wa mfugaji, awe Mborana, Msamburu, Mturkana au Msomali: huokota vijiwe akavizungushia miiba, pakawa boma, jiwe kubwa likawa fahali, vidogo vikawa ndama, na ole wake atakayekanyaga! Mpita njia huona mawe. Mtoto huona mali. Mistari michache ya wino yatosha kuuchora mchezo huo. Wala usafi wa moyo wake si ujinga wa dunia, kwani ukame na wizi wa mifugo aghalabu huvijua kabla hajajua kusoma. Ni kule kuamini kwamba kundi lililoangamia laweza kurudishwa kwa konzi ya changarawe.

Basi nawasihi wachapishaji wa vitabu vya watoto, pamoja na wakuu wa elimu wanaoviidhinisha, wawape kazi vijana wa Isiolo wenye kipaji cha kuchora, wawalipe ujira wa haki, na wasiwaamrishe kuiga picha za ng'ambo. Mtoto akiyakuta maisha yake kitabuni, kitabu cha pili atakitafuta mwenyewe.