Namba Hii Ndefu Inalinda Pesa Yako, Lakini Haipokei Simu kwa Niaba Yako

Hebu fungua kalkuleta kwenye simu yako, uzidishe 641 kwa 6,700,417. Umepata 4,294,967,297? Rahisi. Sasa mpe jirani jibu hilo peke yake, umwambie atafute zile namba mbili zilizolizaa. Utamwacha hapo hadi ugali upoe.

Na asione haya. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat, bingwa wa hesabu, aliamini namba hiyo ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ni Leonhard Euler aliyeonyesha, mwaka 1732, kwamba 641 inaigawanya. Zaidi ya miaka 90, na ni tarakimu 10 tu!

Kuzidisha ni sekunde, kutenganisha ni kazi. Juu ya tofauti hiyo ndipo ilipojengwa kufuli ya mtandaoni inayoitwa RSA. Mwaka 1977 wabunifu wake walitoa hadharani namba ya tarakimu 129, wakaahidi dola 100 kwa atakayesoma ujumbe waliofunga nayo. Ilikaa hadi 1994, na ilihitaji watu wapatao 600 kuunganisha kompyuta zao kwa miezi 8. Siku hizi kufuli ya aina hiyo kwa kawaida hutumia namba ya tarakimu 617.

Sisi wa masoko huwa tunafupisha yote haya kuwa "mfumo ni salama", basi. Tunaona hiyo ni kumdharau mteja. Mama anayepiga hesabu za chama kichwani, faini na riba ndani, hatashindwa na namba tasa. Na akishaelewa kufuli, ataona pia inapoishia.

Maana tapeli hakeshi akitenganisha tarakimu 617. Anakupigia tu: "Habari mteja wetu, kuna pesa yako imekwama, tutajie PIN tuiachilie." PIN ya tarakimu 4 ina uwezekano wa 10,000 pekee, na ukiweka mwaka wako wa kuzaliwa, umemshushia hadi chini ya 100. Kinachomzuia kuzijaribu zote ni huduma kujifunga akikosea mara chache. Ukimtajia, hana haja ya kujaribu.

Hapa tutasema ukweli hata kama wakubwa watanuna. Mtu akipiga simu akilia kwamba karo ya mtoto imeenda, jibu la "ulitoa PIN mwenyewe" ni kweli, lakini ni nusu tu. Nani alimzoesha kupokea simu za "mteja wetu mpendwa" kutoka namba asizozijua? Ni sisi wa biashara hii, na ofa zetu. Tunataka kampuni zote za malipo zipige kutoka namba moja inayojulikana, na zisiulize chochote cha siri.

Hadi hapo, ukipigiwa, kata. Kisha piga wewe mwenyewe ile namba ya huduma kwa wateja unayoijua.