Mkitaka historia kwenye glasi, njooni Sondu

Siku hizi kuna aina ya baa inayopendwa sana na vijana wa mjini. Mlango umefichwa, taa ni hafifu, ukutani kuna picha za Wamarekani wa suti na kofia, na kokteli moja inameza pesa ya mboga ya wiki nzima. Ukiuliza mada ni nini, unaambiwa ni Marekani ya 1920 hadi 1933, pombe ilipopigwa marufuku na watu wakanywa kwa siri.

Hadithi tamu, hatukatai. Lakini si hata sisi tuko na yetu? Na yetu haikuisha kwa miaka 13.

Anza na mkoloni. Kiwanda cha Tusker kilianzishwa 1922, lakini Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kununua bia ya chupa hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Nairobi nako, baraza la mji liliuza busaa kwenye kantini zake, huku mama aliyeipika nyumbani akikamatwa. Pombe ilikuwa ile ile. Shida ilikuwa nani anahesabu pesa jioni.

Uhuru ukaja, lakini msako haukuisha. Mwaka wa 1980 sheria ikaharamisha chang'aa kabisa, na marufuku hiyo ikakaa miaka 30, hadi 2010. Hiyo miaka yote kuna watoto waliosomeshwa na kangara, mama akiamka usiku kuchochea moto kando ya mto, sikio likiwa barabarani kusikiliza gari la polisi. Kama unatafuta watu waliouza kwa kunong'ona, omera, ndio hao.

Sasa njoo Sondu. Hili ni soko la mpakani mwa Kisumu na Kericho, linaloingia kwenye habari za taifa sana sana kukiwa na vita vya mpakani. Lakini Wajaluo na Wakipsigis wanaokutana hapa walikuwa na desturi moja: chungu katikati, wazee wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Wajaluo wanauita oseke. Huwezi kunywa chungu kimoja na mtu huku unapanga kumchomea nyumba. Mnataka mada ya baa? Hiyo hapo, na nanasi za kuchanganya kwenye glasi ziko tele sokoni.

Ila tusipambe mambo. Pombe haramu inaua. Februari 2024 zaidi ya watu 10 walikufa Kirinyaga, na 2014 wengine wengi walipoteza maisha ama macho katika kaunti kadhaa. Hatusemi mtu akanywe chang'aa ya vichochoroni. Tunasema sheria ya 2010 iliruhusu chang'aa kwa masharti: leseni, chupa ya glasi, lebo, viwango. Mwenye kiwanda anaweza. Mama mwenye pipa moja hawezi, kwa hivyo bado anakimbizwa, na kwa hiyo giza ndiyo watu wa kuchanganya kemikali wanapata nafasi.

Tangu ugatuzi, leseni za pombe ziko mikononi mwa kaunti. Kisumu na Kericho zinaweza kuanza na leseni nafuu kwa vikundi vya akina mama wanaopika busaa, na mahali karibu pa kupima wanachopika kabla hakijafika kwa mnywaji. Na wewe unayepanga kufungua baa yenye mada ya historia, nunua kutoka kwa vikundi hivyo. Andika jina la kikundi kwenye menyu, karibu na bei, ili mteja ajue pesa yake inaenda wapi.

Kama ukuta unaweza kubeba picha ya Al Capone wa Chicago, unaweza pia kubeba ya nyanya wa Sondu aliyelipa karo kwa kangara, akikubali na akilipwa. Al Capone alikufa 1947. Nyanya bado yuko hai, na hata wiki hii anaweza kukamatwa.