Duka likiugua, jarida hufa

Tarehe 2 Agosti 2024 wafanyakazi wa Game Informer, jarida la michezo ya video la Marekani, waliambiwa kuwa kazi imekwisha. Aliyefungua tovuti yao siku hiyo hakukuta habari wala makala za zamani. Alikuta ujumbe mmoja tu wa kuagana.

Ndugu msomaji, jarida hilo la miaka 33 lilikuwa mali ya GameStop, kampuni ya maduka ya gemu, na hapo ndipo penye mzizi wa mambo. Lilizaliwa dukani mwaka 1991, chini ya maduka ya FuncoLand, na baadaye wateja wengi wa GameStop walilipata pamoja na kadi ya uanachama. Hivyo likawa miongoni mwa majarida yenye nakala nyingi kabisa Marekani.

Faida nono ya duka ilitoka kwenye diski zilizokwisha tumika. Kijana analeta gemu aliyoichoka, anapewa kidogo, kisha inauzwa kwa mwingine kwa bei ya juu. Siku hizi wengi wanashusha gemu kwa intaneti moja kwa moja, na kisicho na diski hakirudishwi dukani. Januari 2021 hisa za GameStop zilipaa hadi kupita dola 480, dunia ikashangaa, lakini wateja hawakurudi. Katika mwaka wa fedha 2024 kampuni ilifunga maduka 590 huko Marekani.

Gemu zinatuhusu nini? Mimi niliondoka nyumbani baada ya gazeti letu kufungiwa. Askari walibeba kompyuta zote, lakini wiki kadhaa baadaye makala zetu zilikuwa bado kwa wauza karanga, zimefungia karanga. Vivyo hivyo nakala za karatasi za Game Informer zilibaki majumbani mwa watu. Kilichotoweka ni kile kilichokaa kwenye mtambo wa tajiri, na hapakuhitajika askari.

Wenzetu hao walibahatika. Machi 2025 kampuni ya Gunzilla Games ililinunua jarida, wahariri wakarudi na makala za zamani zikarejeshwa. Asingetokea mnunuzi, msomaji angemdai nani?

Makala hii nikimaliza nitaichapa, niiweke na nyingine kwenye sanduku chini ya kitanda.